Aliyeshika Pedi ya Pili

Tulianza kwa kucheka, na pengine ndiyo sababu sikuona mazungumzo yalikokuwa yanatupeleka. Ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya mama mdogo Filomena, huko Mwika, na sisi tuliowahi kulelewa nyumbani kwake kwa nyakati mbalimbali, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi na miwani ya kusomea, tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukimenya ndizi za chakula cha mwisho kabla watu hawajatawanyika. Mtoto wa mmoja wetu alinyang'anywa simu ili akachote maji, akanung'unika kwamba alikuwa amebakiza kidogo amalize mchezo wake. Deo, mtoto pekee wa marehemu, akamtazama kwa huruma ya kujifanya. "Ninyi mnacheza na kioo," akamwambia. "Sisi tulicheza na kaseti, na kaseti ikikataa unaipuliza." Mmoja akadakia, "Unaipuliza mpaka mate yanaingia ndani, halafu unasingizia vumbi." Mwingine akakumbuka bunduki ya plastiki ya kulengea bata wa kwenye runinga na ambayo, kwa kadiri anavyojua, haijawahi kuua bata hata mmoja. Mwingine akasema kwao Majengo kulikuwa na kompyuta ndogo nyeusi iliyosoma kanda za redio: unaweka kanda, unasikia mlio kama wa panzi aliyebanwa na mlango, unakwenda kuosha vyombo, unarudi, mchezo bado haujaingia. Tulicheka kama watu ambao hawajazika. Kisha Deo, tabasamu likiwa bado usoni, akasema, "Mimi mchezo wa vifaru nilifundishwa na baba. Alikuja Pasua siku ile mashine ilipofika. Alishika pedi ya pili ya kuchezea. Dada Resti alikuwepo, muulizeni."

Dada Resti ni mimi. Niliendelea kumenya ndizi ambayo ilikuwa imekwisha kumenywa. Ni kweli kwamba mwaka ule, nikiwa darasa la saba, niliishi Pasua, mjini Moshi, kwa mama mdogo ili niwe karibu na shule. Mengine ya kwetu hayana nafasi hapa. Lakini maisha yangu yote nimekuwa nikijua, au nikidhani najua, kwamba Aloisi, baba yake Deo, hakuonekana tena baada ya kuvuka mpaka wa Kenya pale Tarakea na lori la watu, Deo akiwa bado anajifunza kusema. Zilikuwa zimepita Krismasi mbili bila yeye, kisha ikaja mashine, na baada ya mashine hakikuja kitu kingine. Wenzetu walipobeba beseni la ndizi kwenda jikoni, Deo alibaki. Akaniambia jambo ambalo wengine walikuwa hawajalisikia: asubuhi ile baba mkubwa Kalisti, kaka yake Aloisi, alimwita mbele ya wazee na kumweleza kwamba kaburi la mama litakapojengewa, ukoo ungependa kusimamisha pembeni yake msalaba wa Aloisi, ili mtu asiye na kaburi apate mahali katika kihamba chake, shamba la urithi la ukoo. Neno la mwisho lilikuwa la Deo, na walilitaka kabla ya jioni, kwa sababu fundi alikuwa anasubiri vipimo.

"Kama hakuja," Deo alisema, "basi alifia huko njiani, na mimi sina ugomvi na marehemu. Awekewe msalaba wake. Lakini kama alikuja, akakaa na mimi mchana ule, akala, akanyanyuka akaondoka tena, huyo alituacha akiwa na akili zake timamu. Siwezi kumlaza pembeni ya mama."

"Na wewe unakumbuka kwamba alikuja."

"Ndicho kitu pekee ninachokikumbuka juu ya baba, dada. Sina kingine. Nimekitunza miaka yote, na leo ndicho kinachomnyima kaburi." Alikuna shingo, akatazama migomba. "Wewe ulikuwa mkubwa, una akili. Niambie ni kweli au niliota."

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu papo hapo. Badala yake nilimwomba anipe muda, nikaenda kukaa peke yangu kwenye benchi la nje ya zizi, nikajaribu kuingia tena katika nyumba ile ya Pasua. Niliingia kwa urahisi ulionishangaza. Sebule ilipakwa rangi ya kijani mpaka nusu ya ukuta, na juu yake chokaa iliyokuwa ikiacha unga kwenye migongo ya wageni. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma. Runinga, ambayo haikujua rangi zaidi ya nyeusi na nyeupe, nayo ilikuwa na kitambaa chake, kikubwa kuliko vyote, kama kwamba ndiyo iliyokuwa bibi wa nyumba. Tulikuwa tunapata matangazo ya Kenya, yenye chengachenga nyingi kiasi kwamba msomaji wa habari alionekana anasoma katikati ya mvua. Mbele ya runinga hiyo, kuanzia muhula wa pili, ilikaa mashine. Ilikuwa na umbo la kibodi ya kijivu, herufi zote zikiwa mahali pake, na juu yake mdomo wa kuchomekea kaseti ya manjano. Leo najua kwamba ilikuwa mashine ya michezo iliyovalishwa joho la kompyuta ili wazazi wainunue kwa moyo mweupe. Mama mdogo hakuwahi kuvuliwa imani hiyo. Kitu chenye herufi, kwake, kilikuwa kitu cha shule. Kila siku nilipaswa kwanza "kusoma kompyuta", yaani kubonyeza herufi zilizokuwa zikishuka kwenye kioo kabla hazijagusa chini, na ndipo Deo aliruhusiwa kucheza, kwa hoja kwamba yeye bado yuko chekechea. Jirani yetu Bi Zuhura, mwanamke wa mjini aliyekuwa na ulimi wa haraka na moyo mpole, alimleta mjukuu wake naye apate elimu hiyo. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kochi akitazama vifaru vikirushiana moto. "Filo, hii kompyuta yenu mbona inapiga risasi?" akauliza. "Hiyo ni hesabu," mama mdogo akajibu, na akaendelea kuchambua mchele.

Hayo nayakumbuka bila shaka yoyote. Shaka inaanzia siku ya kwanza. Nilirudi kutoka shuleni nikiwa na njaa, na kabla sijafika mlangoni nilisikia harufu ya machalari, ndizi na nyama, katikati ya wiki, katika nyumba ambayo siku za kazi tulikula ugali na mchicha. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mezani kulikuwa na glasi mbili za sharubati, moja tupu, nyingine imebaki nusu. Deo alikuwa kwenye mkeka, ameshika pedi kwa mikono miwili kama anayeshika kikombe cha moto, na kiti kimoja cha kulia chakula kilikuwa kimesogezwa nyuma yake. Juu ya kiti hicho ilikuwepo pedi ya pili. Nikauliza nani amekuja.

"Fundi. Ameunganisha."

"Fundi Seifu wa redio?"

"Nimesema fundi, Resti. Nenda kavue sare."

Kisha, nikiwa chumbani, aliongeza kwa sauti ya juu, kama mtu anayetangaza, kwamba mashine imetoka kwa baba yake Deo na imepitia Tarakea. Sikuuliza aliyeibeba ni nani. Katika mambo ambayo mtoto hufundishwa kwetu bila kufundishwa ni hili: mwanamke ambaye mumewe hapandi mlimani nyumbani kwao Krismasi haulizwi habari za mumewe. Anaulizwa habari za mbuzi wake.

Siku chache baadaye niliwasikia yeye na Bi Zuhura wakizungumza uani wakati wanaanua nguo. Nilikuwa ndani, dirisha li wazi, na nakumbuka maneno yao vizuri kuliko ninavyokumbuka masomo ya mwaka ule. Bi Zuhura alisema, "Na wewe ukampikia." Mama mdogo akajibu, "Mtu amekuja kwangu na njaa, nimtazame?" "Ungemfungia mlango, Filo." "Mlango ulikuwa wazi, Bi Zuhura. Kulikuwa na joto." Zikasikika pini za nguo tu, kisha Bi Zuhura akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha: "Fundi gani anapikiwa machalari." Wakati ule nilielewa, kwa ujanja wa msichana wa umri ule anayejiona ameshayajua ya dunia, kwamba walikuwa wanamzungumzia Seifu, kijana wa redio pale karibu na soko, ambaye watu walisema alikuwa akipita sana mtaani kwetu bila kuwa na redio ya kutengeneza. Nikamchukia Seifu mwezi mzima kwa ajili hiyo. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama mdogo siku ile, nayasikia maneno yaleyale na yanamwenea mtu mwingine vilevile: mume aliyerudi bila kutangaza, mwenye kitu chini ya kwapa, asiyetaka kuonekana mlimani. Neno "mlango" linawafaa wote wawili. Njaa pia.

Nilisoma historia chuo kikuu. Nilifundishwa kupima ushahidi, kutofautisha aliyeona na aliyesimuliwa, kuuliza kila shahidi anafaidika na nini. Nilikaa pale kwenye benchi nikijaribu kufanya kazi niliyosomea, na kila kipande nilichokiinua kilikuwa na pande mbili. Chukua maneno ya mchezo. Katika mchezo wa vifaru wachezaji wawili wanalinda ngome ndogo iliyozungushiwa matofali chini ya kioo. Adui akiipiga, wote mmekwisha. Mchezaji mwenye busara hubaki nyuma, mwenzake hutoka kushambulia. Kabla sijaondoka nyuma ya jiko, Deo aliniambia kwamba baba yake alimwekea kidole kwenye kitufe na kumwambia, "Wewe linda nyumba, mimi natoka." Nilipoyasikia maneno hayo niliyatambua, kwa kuwa ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, jioni baada ya jioni, kwa sababu alikuwa mdogo na alipenda kukimbilia mbele akafa. Basi, nilijisemea, jambo limekwisha: mtoto amechukua sauti ya dadake akampa baba asiye na sauti. Lakini sikukaa na ushindi huo kwa muda mrefu. Nilijiuliza mimi niliyapata wapi. Na hapo nikamwona Deo wa jioni ile ya kwanza, mimi nikiwa nimevua sare na kuketi kwenye kile kiti, ananigeukia na kuninyooshea pedi ya pili: "Dada, wewe linda nyumba." Je, alisema hivyo? Au nimemwekea kinywani leo, kwenye benchi hili, kwa sababu nataka baba yake awe alikuja? Nilijaribu kuisikia sauti yake. Niliisikia. Kisha nikajaribu kumsikia akisema kitu kingine, jambo ambalo najua hakulisema, nikalisikia vilevile.

Krismasi ya mwaka ule tulipanda na mashine. Mtu anaweza kupotea mwaka mzima na asiulizwe, mradi Desemba apande mlima. Asipopanda, hapo ndipo watu hushusha sauti. Mama mdogo aliona bora kupanda na kitu kuliko kupanda mikono mitupu. Tuliibeba kwenye boksi lake, tukabeba na runinga, na kwa kuwa umeme ulikuwa haujafika, betri ya gari iliazimwa kwa jirani na fundi wa kule kule akaunganisha nyaya huku watoto wa kijiji kizima wakimpumulia shingoni. Vifaru vikatokea. Watu wakapiga makofi. Baba yake Aloisi, ambaye sote tulimwita babu, aliletewa kigoda akakaa mbele kabisa, fimbo kati ya magoti, akatazama kwa muda mrefu bila kucheka wala kukunja uso.

"Hiki ndicho kilichokuja badala ya mwanangu?"

"Ndicho, baba," mama mdogo akajibu.

"Kinaitikia shikamoo?"

"Hakiitikii."

"Basi kizimeni, tule."

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Katika ukoo ule kila mtu ana fungu lake kwa kadiri ya nafasi yake, na fungu la aliye safarini hukatwa likapelekwa kwa mkewe. Likiacha kukatwa, watu wanaelewa bila mtu kufungua kinywa. Kalisti ndiye aliyekuwa na kisu. Alipofika kwenye fungu la mdogo wake alisita, akamtazama babu, babu akatikisa kichwa kukubali, likakatwa. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nalo ndani, na huko alitupatia Deo na mimi tukala lote. Yeye hakugusa. Nilimwona akitutazama tunavyotafuna. Kwa miaka mingi nilisema: ona, mjane ambaye hajui kama ni mjane. Sasa sijui. Kama Aloisi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Pasua miezi michache kabla, akala na kuondoka, basi mwanamke yule alisimama mbele ya ukoo mzima akipokea nyama ya msafiri huku akijua kwamba safari imekwisha. Asingeweza kuila. Na kama hakuja, na yeye alikuwa amempikia machalari kijana wa redio, pengine pia asingeweza kuila. Na pengine alikuwa ameshiba tu. Watu hushiba.

Kuna jambo moja zaidi, na naliweka hapa kwa sababu sitaki kuficha. Miaka kadhaa iliyopita nilikutana na Seifu mjini Moshi, mzee sasa, mwenye duka la vifaa vya simu. Nilimwamkia, nikajitambulisha, na kwa utani nikamuuliza kama anakumbuka kuunganisha mashine ya michezo kwa mama Deo, Pasua. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nimeunganisha tivi gemu nyingi Pasua, dada yangu. Ya kwenu ilikuwa na kibodi?" Nikamwambia ndiyo. "Basi yawezekana ni mimi." Nikamuuliza kama alikula chakula. Akacheka. "Mama Deo alikuwa ananipa chai kila nikipita. Mama mkarimu yule." Niliondoka nikiwa nimeridhika kwamba ni yeye. Leo namkumbuka alivyosema "yawezekana", na naona kwamba nilikwenda kwake nikitaka jibu moja na nikalichukua.

Deo alinikuta bado kwenye benchi. Aliketi, akaweka viganja vyake kati ya magoti, vile wanavyokaa wanaume wa kwao. Nilimweleza yote kama nilivyoyaandika hapa: kiti, glasi, kitenge, maneno ya uani, maneno ya mchezo, nyama, Seifu. Nilimwambia kwamba huenda sauti anayoikumbuka ni yangu, na kwamba huenda na mimi niliipata kwake. Nilipomaliza, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba na wanawake walikuwa wanaita watu wa kula.

"Kwa hiyo hujui," alisema.

"Sijui, Deo."

"Umesoma mpaka chuo kikuu, hujui."

"Nimesoma mpaka chuo kikuu, sijui."

"Ungeweza kunidanganya. Ungesema ni Seifu, tungemaliza."

"Nilifikiria."

Aligeuka akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tuzike. "Uso wake siuoni, unajua? Nikikumbuka, naona kioo. Nasikia mtu nyuma yangu anacheka nikifa. Mtu anayecheka mtoto akifa kwenye mchezo, halafu anamwambia anza tena. Huyo mtu anaweza kuwa fundi?"

"Anaweza."

"Anaweza kuwa wewe?"

"Anaweza kuwa mimi."

"Aisee, dada," alisema, "bora ningekuuliza miaka ishirini iliyopita, wakati ulikuwa na uhakika." Akanyanyuka, akanipa mkono na mimi nikanyanyuka, tukaenda pamoja sebuleni walikokuwa wazee.

Baba mkubwa Kalisti alikuwa amekaa karibu na dirisha, blanketi magotini, na fundi wa makaburi alikuwa amesimama mlangoni na utepe wake wa kupimia. Tuliwaamkia. Waliitikia. Kalisti akasema, "Haya, Deo. Watu wanateremka leo hii. Tuambie."

"Kaburi la mama lijengwe," Deo alisema. "Msalaba wa baba msisimamishe. Ila upande wa kulia wa mama, pale, msipande mgomba. Wala kahawa. Paachwe."

Wazee walitazamana. Mmoja wa shangazi zake akasema kutoka kwenye kona kwamba ardhi ya kihamba haiachwi tupu, si desturi, na mahali penyewe ni padogo. Kalisti aliinua mkono kumnyamazisha.

"Paachwe kwa ajili ya mtu aliyekuja, au mtu asiyekuja?"

Deo alinitazama kidogo, si kwa lawama. "Dada Resti hajui, baba mkubwa. Na mimi asubuhi nilikuwa najua. Sasa sijui."

"Patamea magugu," shangazi akasema.

"Yakimea nitakuja kuyang'oa."

Mzee Kalisti alikaa akiutazama mdomo wa mlango, mahali fundi aliposimama, kama anayesubiri mtu mwingine aingie. Kisha akamwambia fundi apime kaburi moja, na kesho mchanga utakapoletwa, aumwage upande wa kushoto.